Ndoo ya Nyungunyungu Niliyoivusha Bahari

Mama yangu alipofariki mwaka 2018, nilirithi kipande cha shamba lake kilicho nje kidogo ya Konde, kaskazini ya Pemba. Ni ardhi ya mteremko, inayoanzia kwenye migomba na mshelisheli mkongwe ulio karibu na nyumba na kuishia kwenye bonde la mpunga. Nilikuwa nimeishi Unguja kwa zaidi ya miaka ishirini nikifanya kazi ya ofisini, na niliporudi nilitarajia kuikuta ardhi ileile ya utotoni mwangu, nyeusi, yenye kunata kwenye vidole. Sikuikuta. Katika miaka ya maradhi ya mama, waliomlimia walikuwa wamepanda muhogo juu ya muhogo, na kila mwisho wa kaskazi walichoma majani yote ili jembe lipite kwa wepesi. Mvua za kwanza za masika ziliponyesha, nilisimama kibarazani nikayatazama maji yakiteremka juu ya ardhi bila ya kuingia, yakiwa mekundu, yakielekea bondeni pamoja na udongo wa mama yangu. Nililia siku ile, wala sioni haya kuliandika hilo.

Mjomba wangu, ambaye amelima upande wa pili wa bonde maisha yake yote, alikuja akapiga jembe mara tatu katika sehemu tatu, akainua bonge la udongo na kulivunja mkononi. "Mwanangu," aliniambia, "ardhi hii haina hata nyungunyungu mmoja. Ardhi isiyo na nyungunyungu imenyamaza." Nilimwelewa nusu tu. Nilichosikia ni kwamba nyungunyungu wamekosekana, na nikahitimisha kwamba dawa yake ni kwenda kuwatafuta na kuwaleta. Makosa yangu yote ya miaka miwili iliyofuata yalizaliwa na hitimisho hilo, ndiyo maana naandika kwa kirefu, kwa kuwa nimeshaulizwa na watu wasiopungua sita wapi wanaweza kununua nyungunyungu wa kutia shambani.

Mwezi wa Januari mwaka 2019 nilisafiri hadi Unguja, nikanunua ndoo moja ya nyungunyungu kwa mkulima wa mboga aliyekuwa akiwafuga kwa ajili ya kutengeneza mbolea. Nililipa shilingi 80,000, mbali na nauli ya kwenda na kurudi. Niliifunika ndoo kwa kifuniko chake cha plastiki kwa kuogopa wasitoke, nikaiweka kwenye sitaha pamoja na mizigo mingine, na jua la kaskazi likaipiga saa nzima kabla ya meli kung'oa nanga. Nilipoifungua nyumbani, harufu ilinijibu kabla ya macho. Nyungunyungu hana mapafu. Anavuta pumzi kwa ngozi yake, nayo ngozi hiyo ni lazima iwe na unyevu na ipate hewa. Wengi wa wale wanaofugwa hawahimili joto linalozidi nyuzi 35, na ndani ya ndoo iliyofungwa juani joto hilo hupitwa upesi sana. Zaidi ya nusu walikuwa wamekufa, na waliobaki walikuwa wamejikusanya chini kabisa, wamelegea.

Wale waliobaki niliwapeleka shambani mchana wa siku hiyohiyo, nikawafukia kwenye matuta yaliyokuwa yamevunwa muhogo, ardhi ikiwa wazi bila ya jani. Baada ya wiki moja nilifukua matuta yote na sikumwona hata mmoja. Nilidhani wamekimbia. Leo naamini wengi wao walikauka au waliliwa na ndege, na kwamba hata kama ningewasafirisha kwa namna bora zaidi, matokeo yasingekuwa tofauti sana, kwa sababu niliwanunua nyungunyungu wasiokuwa wa kazi niliyowapa.

Jambo hili ndilo ambalo ningependa lingejulikana kuliko yote. Nyungunyungu si wa aina moja, na hawafanyi kazi moja. Mtaalamu mmoja Mfaransa, Marcel Bouché, aliwagawa katika miaka ya 1970 kwa makundi matatu kulingana na mahali wanapoishi na wanachokula. Wako wanaoishi juu, ndani ya majani yanayooza na samadi, ambao ni wadogo na wepesi na hawachimbi kwa kina. Wako wanaoishi ndani ya udongo wenyewe, ambao mara nyingi ni wa rangi iliyofifia, wanaokula udongo na kuchimba njia za kila upande katika tabaka la juu. Na wako wanaochimba mashimo marefu ya kusimama, wakitoka usiku kuvuta majani na kuyaingiza chini. Wanaofugwa kwenye masanduku ya mbolea, kama Eisenia fetida wa Ulaya na Eudrilus eugeniae ambaye asili yake ni Afrika Magharibi, ni watu wa majani na samadi. Kumtia mmoja wao kwenye tuta tupu la udongo uliochoka ni sawa na kumhamishia mvuvi jangwani na kumtaka alete samaki. Katika sanduku lenye taka za jikoni wanafanya kazi nzuri mno, na mtu anayetaka mbolea yao hana sababu ya kuacha kuwafuga. Lakini hawatalima shamba.

Kosa la pili lilikuja na masika. Niliambiwa kwamba nyungunyungu wanapenda samadi, nami nikanunua mikokoteni minne ya samadi ya ng'ombe, nikaifukia ikiwa mbichi. Samadi mbichi iliyorundikwa hupata joto kali inapooza, na rundo la mbolea linaweza kupita nyuzi 60. Mchicha wangu uliungua mizizi. Pale mpakani mwa migomba, ambapo nilikuja kujua baadaye kwamba nyungunyungu wachache walikuwa bado wapo, niliwakuta wamekufa pembezoni mwa rundo, na nikafahamu kwamba nimewaua wenyeji nikiwa katika harakati za kuwaalika wageni. Samadi iachwe ikae hadi ipoe na ipoteze harufu ya mkojo, ndipo itandazwe juu.

Kosa la tatu linanihuzunisha zaidi kuliko yote, kwa kuwa alama yake ingalipo. Katika kipupwe cha mwaka huo niliona wanawake wa pwani wakiacha mwani ulioharibika ukioza ufukweni, nikaona ni neema. Nilikodi gari, nikaleta mwani wa kutosha kufunika kipande cha chini kinachopakana na bonde, nikautandaza jinsi ulivyo, na chumvi yake ikiwa mwilini. Mwani una manufaa kwa ardhi, hilo silikanushi, lakini chumvi humkausha nyungunyungu kupitia ngozi ileile anayovutia pumzi. Ulipaswa kuachwa kwenye mvua za kutosha, au kuoshwa kwa maji matamu zaidi ya mara moja, kabla ya kuuweka popote. Gari lilinigharimu shilingi 45,000, na kipande kile mpaka leo ndicho cha mwisho kupona.

Baada ya hapo sikufanya chochote kwa muda. Nilichoka, fedha za kiinua mgongo zilikuwa zikipungua, na jamaa walianza kunishauri niuache mteremko ule uwe wa mikarafuu tu. Kilichonirudisha ni jambo dogo. Asubuhi moja ya vuli, baada ya mvua ya usiku kucha, nilikuwa nikifagia majani chini ya mshelisheli nikaona vichuguu vidogo vya udongo vilivyoviringana kama tambi, vyeusi na laini, mahali ambapo sikuwa nimeweka kitu chochote. Vilikuwa vinyesi vya nyungunyungu. Nilichimba shimo moja la sentimita 30 kwa 30 na kina cha sentimita 20, nikauchambua udongo wake juu ya gunia kwa mkono. Niliwahesabu nyungunyungu tisa. Hatua ishirini kutoka pale, kwenye matuta ya muhogo, nilichimba mashimo sita ya kipimo hichohicho na sikupata hata mmoja.

Nilitoboa kopo la maziwa pande zote mbili, nikalididimiza kidogo ardhini, nikalitia lita moja ya maji. Chini ya mshelisheli maji yalimezwa kabla sijamaliza kuhesabu hadi mia. Kwenye matuta yalikaa zaidi ya nusu saa. Sijawahi kuona somo lililonyooka namna ile. Mwaka 1994 wanasayansi watatu, Clive Jones, John Lawton na Moshe Shachak, waliandika kuhusu viumbe wanaoyageuza mazingira kwa namna inayowafungulia au kuwafungia wengine riziki, wakawaita wahandisi wa mfumo wa ikolojia. Nyungunyungu ni mhandisi wa namna hiyo. Anapopita anaacha njia zinazoingiza maji na hewa, na mizizi huzifuata njia hizo kwa kuwa ni rahisi. Anapokula anachanganya jani lililooza na udongo wa chini, na kinachotoka kwake kina rutuba ambayo mmea unaweza kuichukua mara moja. Mwanasayansi Charles Darwin, ambaye alisoma maelezo yake ya kwanza juu ya viumbe hawa mwaka 1837 na kuyarejea katika kitabu chake cha mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufa, alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza nyungunyungu hupitisha mwilini zaidi ya tani 10 za udongo mkavu kwa kila eka kila mwaka. Na uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mahali walipo, mavuno ya mazao huongezeka kwa wastani wa asilimia 25, hasa kwa sababu wanaifungua naitrojeni iliyofungwa ndani ya mabaki ya mimea. Manufaa hayo hupotea pale ambapo mkulima tayari anamwaga mbolea nyingi ya dukani yenye naitrojeni, na hayapo vilevile pale ambapo hakuna mabaki ya kuliwa. Nyungunyungu hatengenezi rutuba kutoka hewani. Ukichoma majani yote, umemnyima mshahara wake.

Nilimwendea mjomba na hesabu zangu. Alizisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa hao tisa wa mshelisheli, nani aliwaleta?"

Swali hilo lilinishughulisha kwa wiki kadhaa, na kwa kuwa nilikuwa na nafasi, nililifuatilia. Pemba yetu imetenganishwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Unguja iliungana na bara wakati wa zama za barafu, bahari ilipokuwa imeshuka kwa takriban mita 120, kwa hiyo mnyama wa Unguja angeweza kuja kwa miguu. Pemba haikuunganishwa kwa njia hiyo. Viumbe wetu wa asili walifika kwa njia nyingine. Mpapindi, mti wa jamii ya mitende ulioko msitu wa Ngezi, ndugu zake wako Madagaska na Komoro. Popo wetu mkubwa, yule tunayemwona akitoka hifadhi ya Kidike jioni, ni wa jamii isiyopatikana bara la Afrika. Yeye ana mabawa, na anachokula mti mmoja anakidondosha chini ya mti mwingine, ndiyo maana miche huota mahali ambapo hakuna aliyeipanda. Wengine tuliwaleta wenyewe. Karafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku, ililetwa kwa mkono wa binadamu, na kunguru hawa wanaotusumbua waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19.

Nyungunyungu hana bawa, na maji ya chumvi yanamuua. Darwin mwenyewe alilishangaa jambo hili: aliwajua nyungunyungu wa visiwa vya mbali, akaandika kwamba namna walivyofika huko haijulikani, wala hakuona kuwa yamkini mayai yao yalibebwa katika tope la miguu ya ndege wa nchi kavu. Kinachojulikana vizuri siku hizi ni usafiri wao pamoja nasi. Nyungunyungu huweka mayai ndani ya vifuko vidogo mno, kama punje ya uwele au kubwa kidogo, na kifuko hicho husafiri ndani ya udongo ulioshikamana na mizizi ya mche, ndani ya tope la tairi, la jembe au la kiatu. Kwa miguu yake mwenyewe, kama inafaa kusema hivyo kwa asiye na miguu, huenda polepole sana: katika mashamba ya Ulaya ambako wamepimwa, jamii ya nyungunyungu husogeza mpaka wake kwa mita 5 hadi 10 kwa mwaka.

Mita 5 hadi 10. Matuta yangu yalikuwa hatua ishirini kutoka kwenye mshelisheli. Nilikuwa nimevuka bahari kuwatafuta wageni, na wenyeji walikuwa mlangoni wakingoja njia.

Kwa hiyo mwaka 2020 niliacha kuleta na nikaanza kutengeneza njia. Sikuchoma tena. Majani ya migomba, makuti yaliyochakaa, magugu yaliyong'olewa kabla ya kutoa mbegu, na makumbi ya nazi yaliyolowa, vyote nilivitandaza kuanzia chini ya mshelisheli kwenda matutani, kwa upana wa mita mbili na unene wa kiganja kilichosimama. Makonyo mabichi, yaani vikonyo vya karafuu, sikuyatumia kwa tahadhari, kwa kuwa mafuta ya karafuu yanajulikana kwa kufukuza wadudu. Niliacha kulima kwa kugeuza. Nilichimba shimo la mche tu, nikapanda tungule, bamia na mabilingani humo, na kati yake majimbi ili kivuli kisikosekane. Dawa za ukungu zenye shaba niliziacha kabisa, kwani shaba hujikusanya ardhini mwaka hadi mwaka na ni sumu kwao. Wakati wa jua kali la kaskazi nilimwagilia juu ya matandazo jioni, ndoo mbili mbili, na nilipochimba niliwakuta baadhi yao wamejikunja kama fundo ndani ya vyumba vidogo vya udongo, wamelala wakisubiri mvua. Asiyejua angedhani wamekufa.

Niseme wazi kwamba mwaka wa kwanza wa namna hii ulikuwa mgumu kwa mfuko. Mavuno yalikuwa madogo kuliko ya majirani waliotia mbolea ya dukani, matandazo yalileta konokono na panya, na kazi ya kubeba makuti ilinivunja mgongo mpaka nikalazimika kumlipa kijana wa kunisaidia mara mbili kwa wiki. Mtu mwenye watoto wa kulisha kutokana na shamba hilohilo asigeuze shamba zima kwa mkupuo. Aanze na ukanda mmoja unaogusa mahali ambapo nyungunyungu tayari wapo, na hapo ndipo umuhimu wa kuchimba na kuhesabu kabla ya kununua chochote.

Mwezi wa Mei mwaka 2021, katikati ya masika, nilichimba mashimo sita katika ukanda ule. Katika shimo la kwanza, lililo karibu na mshelisheli, walikuwa kumi na mmoja. La pili saba. La tatu wawili. La nne, kifuko kimoja cha mayai, ambacho nilikishika kwenye kiganja kwa muda mrefu kabla ya kukirudisha. La tano na la sita hamkuwa na kitu. Nilimpigia simu mjomba nikiwa bado nimepiga magoti.

Kuna kosa moja zaidi, na hili nililifanya nikiwa tayari najua. Mwaka 2022 nilinunua miche thelathini ya matunda kwenye kitalu kimoja, kila mmoja ukiwa na udongo wake ndani ya mfuko mweusi, nikaipanda karibu na kisima. Baada ya miezi michache niliona karibu na miche hiyo vinyesi vya namna nyingine, vizito, vinavyokauka na kuwa kama ganda la saruji, na nyungunyungu ambao sikuwa nimewaona upande wa mshelisheli. Sijawatambua kwa jina, wala simlaumu aliyeniuzia. Lakini nimesoma vya kutosha kuwa na wasiwasi. Yuko mmoja aitwaye Pontoscolex corethrurus, asili yake Amerika ya Kusini, ambaye amesambazwa na binadamu karibu katika nchi zote za joto kwa njia hiihii ya miche, na ana uwezo wa kuzaa bila ya mwenza, hata mmoja akifika peke yake anatosha kuanzisha kizazi. Katika malisho yaliyofyekwa msitu karibu na Manaus nchini Brazil, ambako nyungunyungu wenyeji walikuwa wametoweka na yeye akabaki karibu peke yake, vinyesi vyake viliufunika uso wa ardhi na kuugandamiza hadi maji yakashindwa kuingia. Kaskazini mwa Marekani, ambako barafu ilifuta nyungunyungu wote wa zamani, wageni kutoka Ulaya wamekula tabaka la majani lililokuwa likilea miche ya msituni. Mhandisi aliye mahali pasipo pake hujenga vilevile, ila anachokijenga huwabomolea wengine nyumba.

Na sisi tuko umbali mfupi kutoka Ngezi. Kwa hiyo sasa mche wowote unaoingia kwangu natikisa udongo wake juu ya sinia, naosha mizizi, na maji yale pamoja na udongo nayaanika juani juu ya bati hadi yakauke kabisa kabla ya kuvitupa. Mche ukiweza kupatikana kwa mbegu au kipandikizi kisicho na udongo, nachukua huo. Jembe na viatu navisafisha kabla ya kutoka shamba moja kwenda jingine, na kwa kweli hakuna anayepaswa kwenda msituni na tope la shambani. Jirani yangu mmoja alikuja mwezi uliopita na ndoo akaniomba nimpe nyungunyungu. Nilimkaribisha chai, kisha tukaenda kwake tukachimba mashimo manne kando ya ua wake wa michongoma. Tulipata watatu. Nilimpa mapakacha sita ya majani makavu na kumwonyesha aanzie wapi.

Kwangu nimeweka vijiti, kimoja kila baada ya mita mbili, kutoka mshelisheli hadi kwenye kipande kilichoharibiwa na chumvi. Kila mwezi wa Mei nachimba kando ya kila kijiti na kuandika kwenye daftari la mama alilokuwa akiandikia hesabu za karafuu. Masika haya nyungunyungu wamefika kijiti cha kumi na moja, na maji ya kopo hapo yanazama kwa dakika nne. Kijiti cha kumi na tano ndipo mwani ulipoanzia. Mjomba anasema nisiharakishe kuchimba pale, niwaache wafike kwa wakati wao.